Likizo ya Miaka Arobaini na Moja

Mtaa mzima ulimwita Kapteni, na yeye hakumsahihisha mtu. Ungekuwa wewe, ungesahihisha? Vyeti vyake, vilivyolala ndani ya bahasha ya nailoni juu ya kabati, vilisema habari nyingine kabisa: baharia daraja la pili, mtunza stoo, meli ya mizigo ya jeshi la majini. Lakini vyeti havitoki nje kutembea. Kapteni alitoka kila asubuhi saa moja na nusu kamili, shati limepigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali ya kukatia mkate, akazunguka nyumba mara moja, akatazama mawingu kama mtu anayeyadai maelezo, kisha akarudi ndani.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, vyumba vitatu, mwisho wa mtaa, ubavuni mwa ghala la magodoro. Kutoka hapo mpaka kwenye maji ya kuelea chombo chochote ni safari ya basi ya siku nzima. Hilo halikumsumbua. Kila mlango wa kabati ulikuwa na komeo lake, vyombo visije vikamwagika bahari ikichafuka. Meza ya kulia ilizungushiwa ukingo wa mbao wa unene wa kidole, sahani zisiteleze. Vikombe vilining'inia kwenye ndoano. Kuoga ilikuwa dakika tatu: moja ya kujilowesha, moja ya sabuni, moja ya kujisuuza. Ya nne ikiingia, Kapteni anafunga koki kwa nje. Yuko shemeji yake mmoja aliyetoka bafuni na povu masikioni akaenda nalo mpaka kazini.

Hayo yote yangevumilika. Tatizo lilikuwa zamu.

Siku na usiku wake Kapteni alizikata vipande sita vya saa nne nne, na katika kila kipande lazima mtu mmoja wa nyumba awe macho, ameketi kwenye kiti cha koridoni, kengele ya shaba juu ya kichwa chake. Mwenye zamu kazi yake ni kukagua mlango, kukagua jiko, kukagua bomba, kusikiliza, kisha kuandika katika daftari la jalada gumu: "Hali shwari." Saa nne zikiisha anagonga kengele, anamwamsha mwenzake, anaenda kulala. Watoto walipokuwa nyumbani mzigo uligawanyika. Walipooa na kuolewa, na hakuna aliyechelewa kufanya hivyo, utashangaa jinsi watoto wa nyumba ile walivyopenda ndoa, akabaki Kapteni na mkewe. Zamu tatu za huyu, tatu za yule. Hivyo ndivyo walivyozeeka: ama mmoja amelala na mwingine ameketi, ama mmoja anaamka na mwingine anavua viatu. Majirani wa upande wa pili waliamini nyumba ile ina saa kubwa iliyoharibika.

Sasa usicheke mapema, kwa sababu mwenye akili atauliza mtu anapataje ugonjwa wa namna hiyo. Watu wa mtaani watakupa hadithi za mizinga na nyambizi tatu zilizozamishwa. Uongo mtupu. Habari ya kweli ni hii, na huipati kwingine.

Kapteni alikwenda vitani na miaka kumi na tisa, akapewa ufunguo wa stoo. Meli yake ilibeba viazi, buti na sabuni. Katika vita vizima hakupiga risasi hata moja, na bunduki aliyokabidhiwa aliitumia kuwatishia panya, ambao hawakutishika. Alijua idadi ya miche ya sabuni kuliko alivyojua jina la adui. Kisha alfajiri moja, yeye akiwa amepanda juu kuchukua chai, kombora likaingia ubavuni, chini, penye vitanda. Meli ilikuwa na watu sitini na mmoja. Waliokuwa macho, wa zamu na wenye kiu ya chai kama yeye, walikuwa kumi na tisa, na wote kumi na tisa waliokotwa. Waliokuwa wamelala walikuwa arobaini na wawili. Hakuna aliyeokotwa.

Hapo hapana cha kukejeli. Mtu wa miaka ishirini na miwili aliyeelea saa sita ameshika kasha la viazi hujifundisha somo lake mwenyewe, na Kapteni alijifundisha hili: wanaokufa ni waliolala.

Akarudi nchi kavu, akapata kazi ya stoo ya hospitali, na kwa miaka thelathini hakuna aliyetoka pale na bandeji bila kutia saini mara mbili. Daktari mkuu mwenyewe aliwahi kuacha mgonjwa mezani akaja kuandika jina. Akiwa na miaka ishirini na tisa akaoa fundi cherehani, msichana mpole mwenye vidole vyepesi na mdomo mfupi. Wiki ya kwanza ya ndoa, wakati wenzake wanapeleka wake zao matembezi, Kapteni aliketi akaandika Kanuni za Chombo, kanuni sitini na nne kwa mkono wake, nyingi akizitoa kichwani kama alivyozikariri jeshini, akamkabidhi bibi harusi asaini. Bibi harusi akazisoma zote, moja baada ya nyingine, bila haraka. Akasaini. Kapteni akafurahi kwamba amepata mke mtiifu.

Ona mtu asivyojifunza. Miaka yote ya stoo, na hakujua kwamba anayesoma karatasi mpaka mwisho ndiye wa kuogopwa.

Miaka arobaini na moja ikapita. Mkewe hakuwahi kuchelewa zamu, hakuacha komeo wazi, hakuoga dakika nne. Kapteni alijisifia kwa fundi viatu wa kona: "Mke wangu ni jeshi, bwana. Hana kosa hata moja kwenye daftari." Fundi viatu, ambaye mke wake mwenyewe alimrushia kiatu cha mteja, alimwonea wivu.

Kisha rafiki wa mkewe akafa, fundi mwenzake, aliyeketi naye cherehani kwa cherehani miaka ishirini na miwili. Mke wa Kapteni akaenda kuzika. Akarudi macho yamevimba, kitambaa mkononi, akakuta zamu yake ya saa kumi jioni imeshaanza. Kapteni akatazama saa. Alimpisha kwenye kiti, akachukua kalamu, akaandika, akaenda kulala akiwa na amani ya mtu aliyetenda haki na huruma kwa pamoja.

Mkewe akavuta daftari akasoma: "Amechelewa dakika saba. Sababu: mazishi. Amesamehewa."

Alilitazama neno la mwisho kwa muda mrefu. Kisha akaandika chini yake "Hali shwari", kwa sababu ndiyo kanuni.

Asubuhi, Kapteni alipokaa kunywa chai, alikuta karatasi imeegemezwa kwenye ukingo wa meza. Iliandikwa vizuri, yenye pambizo.

"Nini hii, mama watoto?"

"Maombi."

"Maombi ya nini?"

"Soma. Imeandikwa kwa Kiswahili."

Akavaa miwani. Yalikuwa maombi ya likizo, kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Tisa. Kapteni akatabasamu. Akaona mkewe amefanya mzaha, tena mzaha wa heshima, wenye nambari. Akaenda kuchukua Kanuni, akafungua, akasoma kwa sauti: "Kila mwanamaji asiye na kosa katika daftari atapewa likizo ya siku thelathini kwa mwaka. Siku zisizotumika zitahamishiwa mwaka unaofuata."

Akataka kufunga kitabu.

"Endelea," mkewe akasema huku akimmiminia chai. "Kuna mstari mmoja zaidi."

"Mkuu wa chombo hatakataa maombi haya isipokuwa wakati wa vita."

"Basi. Sijachukua hata siku moja tangu uniletee kitabu hicho. Thelathini mara arobaini na moja ni elfu moja mia mbili na thelathini. Nimepiga hesabu mara tatu, na kinyozi wako amenipigia ya nne." Kinyozi ni mtoto wao wa kwanza, mwenye kibanda mtaa wa pili. "Ni miaka mitatu na siku mia moja thelathini na tano. Nakwenda kwa dada yangu."

Kapteni alikuwa na miaka sabini. Hesabu ya kujumlisha aliifanya kimya kimya, na haikumpendeza.

"Una kosa," akasema. "Jana. Dakika saba."

"Umenisamehe. Umeandika mwenyewe."

"Naweza kufuta."

"Kanuni ya Sita. Kilichoandikwa kwenye daftari hakifutwi."

Kapteni akanywa chai iliyomuunguza ulimi, akafikiri. Alikuwa mtu wa mbinu, usimdharau.

"Basi natangaza vita."

"Na nani?"

"Na panya. Stoo imejaa panya, wewe mwenyewe unajua. Kuanzia leo chombo kiko vitani."

Mkewe akalifungua daftari ukurasa wowote, akaweka kidole. Hali shwari. Akafungua mwingine. Hali shwari. "Nina miaka arobaini na moja ya mwandiko wako, baba watoto. Hata mwaka ule paa lilipong'olewa na upepo uliandika hali shwari. Leo asubuhi saa mbili umeandika nini?"

Alikuwa ameandika hali shwari.

"Ulidhani naamka saa sita usiku kwa kukuogopa?" mkewe akasema, na hakupandisha sauti hata kidogo. "Nilikuwa naweka akiba."

Kapteni akatia saini. Angefanya nini? Mtu aliyemtoa daktari mkuu chumba cha upasuaji kwa ajili ya saini hawezi kuikimbia saini yake mwenyewe. Mke akabeba sanduku dogo na mkasi wake mkubwa wa kitambaa, akapanda basi, akaenda kwa dada yake, mjane mwenye duka la vitambaa, nusu saa kutoka pale.

Siku ya kwanza Kapteni alimwambia fundi viatu kwamba amempa mkewe ruhusa ya kupumzika.

"Siku ngapi?" fundi viatu akauliza.

"Za kutosha."

"Wake wakipewa za kutosha huwa hawatoshelezeki, Kapteni. Nani anakupikia?"

"Jeshini tulijipikia."

"Mlipika nini?"

"Viazi."

"Basi nitakuja kula siku nyingine."

Zamu zilikuwa sita na mtu alikuwa mmoja. Kapteni akaamua kushika zote. Alikaa kwenye kiti, akakagua mlango, jiko, bomba. Akagonga kengele, akainuka, akajipisha mwenyewe, akaketi tena. Siku ya tatu alianza kujipigia saluti. Siku ya nne aliandika zamu ya kesho kabla haijafika, na aligundua kwamba keshokutwa nayo ilikuwa shwari. Siku ya tano akapiga simu duka la vitambaa.

"Chombo kinaingiza maji," alimwambia mkewe.

"Wapi?"

"Jikoni."

"Bomba?"

"Ndiyo, bomba."

"Funga koki," mkewe akasema, akakata simu.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, kinyozi alipita kumnyoa baba yake kama kawaida ya kila wiki mbili. Alimkuta koridoni, amesimama, paji la uso limeegemea ukuta chini ya kengele, macho wazi, analia. Halii kwa sauti. Machozi tu yanajitokea yenyewe, kama bomba lile. Kinyozi ni mtu wa maneno mengi kwa ada ya kazi yake, lakini hapo alivuta kiti. Alimkalisha, akamfunga taulo shingoni, akaanza kunyoa, kwa sababu mkono wenye wembe unajua la kufanya hata mwenyewe asipojua.

"Baba, hujalala tangu lini?"

"Nalala. Dakika kumi kumi."

"Lala sasa. Mimi niko hapa."

"Wewe una wateja. Ukitoka nikiwa nimelala, nani yuko macho?"

"Hakuna. Mlango utakuwa umefungwa."

"Hata pale palifungwa," Kapteni akasema.

Kinyozi akaacha kunyoa. Kisa cha meli walikijua wote, kilisimuliwa mara moja tu, miaka mingi iliyopita, na mama yao ndiye aliyesimulia, si yeye. Akafuta povu. "Mzee, mimi sikufundishi. Lakini mama hakuondoka kwa ajili ya dakika saba. Na kwa kitabu hicho humrudishi, amekisoma kuliko wewe. Ukikaa hapa utakufa umesimama, tutapata taabu ya kukulaza. Nenda."

Kapteni akaenda. Usidhani alikwenda mikono mitupu. Kwapani alibeba Kanuni, ndani yake kikaratasi kikiwa kimetiwa penye Kanuni ya Thelathini na Moja: mkuu wa chombo anaweza kumwita mwanamaji aliye likizoni iwapo mkuu mwenyewe ni mgonjwa. Safari nzima ya basi alifanya mazoezi ya kikohozi.

Duka lilikuwa chumba kirefu chenye marobota ya vitambaa hadi darini, na nyuma yake sebule ndogo yenye sofa mbili zilizobonyea. Dada mtu, mwanamke mnene wa kicheko, ndiye aliyemwona kwanza.

"Shemeji. Karibu. Umekuja kukagua meli yetu? Angalia, tuna kabati halina komeo, usije ukazimia."

"Mwenzangu yuko?"

"Yuko likizo. Kaa, nitamwuliza kama anapokea watu."

Mkewe alitoka nyuma akiwa na sindano mdomoni na nguo ya mteja mkononi. Alikuwa amenenepa, kwa siku tisa tu. Uso ulikuwa umefunguka, na Kapteni aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona mchana: mkewe hakuwa na weusi chini ya macho. Alikuwa amedhani miaka yote ile ndiyo rangi yake.

Akakohoa kikohozi chake.

"Una nini?" mkewe akauliza.

"Mgonjwa. Kanuni ya Thelathini na Moja..."

"Weka kitabu chini."

"Nilikuwa nasema kwamba mkuu wa chombo akiwa..."

"Kiweke chini kwanza. Pale, juu ya hilo robota. Haya. Sasa sema ulichokuja kusema bila nambari."

Ndugu msomaji, umewahi kumwona mtu mwenye miaka sabini akitafuta sentensi? Kapteni alisimama katikati ya duka, mikono imening'inia. Katika maisha yake hakuwahi kuomba kitu bila fomu. Hata posa yake aliiandika nakala mbili. Dada mtu alijifanya anapima kitambaa, akapima kile kile mara nne.

"Nyumba..." akaanza. "Nyumba haina mtu."

"Wewe upo."

"Mimi siyo mtu. Mimi nimekaa tu kwenye kiti." "Nikifumba macho nawasikia. Ukiwa umekaa pale koridoni, ukikohoa, ukigeuza karatasi, siwasikii. Nalala saa zangu nne. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kengele. Mengine yote niliyaongezea ili yafanane na kanuni."

Mkewe akatoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye nguo.

"Nilijua," akasema. "Unadhani nilisaini kwa ajili ya makomeo? Nilikaa pale ili ulale. Ningekaa mingine arobaini. Lakini nimetoka kumfukia mwenzangu, nimekaa kwenye kiti chako, umenisamehe. Mimi. Hukuniuliza hata kaburi liko wapi."

Kapteni akafikiri kama kuna la kujitetea. Hakukuwa na kanuni yake.

"Liko wapi?" akauliza.

Akamwambia. Alimwambia liko karibu na ukuta wa mashariki, udongo wenye mawe, wachimbaji walivunja mpini wa jembe. Alimwambia marehemu alivyokuwa akikata uzi kwa meno mpaka jino moja likapata pengo, na jinsi walivyogombana miezi miwili kwa ajili ya cherehani ya dirishani. Alisimulia muda mrefu, amekaa kwenye sofa, na Kapteni alikaa sofa ya pili akasikiliza, bila kuandika kitu. Dada mtu akaleta chai, akaona hakuna anayeihitaji, akainywa mwenyewe.

"Utarudi?" Kapteni akauliza mwishowe.

"Nitamaliza thelathini. Zimebaki ishirini na moja."

"Na hizo elfu moja mia mbili?"

"Nazitunza. Siku utakaponisamehe tena, nazichukua zote kwa mkupuo, uje unizike huku huku kwa dada. Na nikirudi, kiti kile kinatoka koridoni. Ukisikia watu wako usiku, niamshe, tuwasikilize wote. Kukaa peke yangu na daftari nimekoma."

"Na nani atakuwa macho?"

"Hakuna."

Akalikubali hilo kama mtu anayekubali kung'olewa jino: kwa kichwa, si kwa mdomo. Kisha akauliza, kwa sauti iliyoishia kwenye kola, kama inawezekana asubiri hapo hapo.

"Siku ishirini na moja?" dada mtu akadakia. "Shemeji, mimi maji yangu ya kuoga hayana dakika. Utaweza?"

"Nitajaribu."

"Na unakoroma?"

"Sijui," Kapteni akasema, na alisema kweli, kwa maana katika nyumba yake aliyekuwa macho alikuwa koridoni.

Walijua mchana huo huo. Jua lilikuwa kali, wateja hakuna. Mkewe alijinyoosha kwenye sofa yake akapitiwa. Dada mtu alilaza kichwa juu ya meza ya kupimia, kwa dakika tu, ndivyo alivyosema. Kapteni alikaa wima akautazama mlango wa duka ulio wazi, akamtazama mkewe akipumua, akautazama mlango tena. Akahesabu marobota. Alipofika la kumi na saba, kidevu kikagusa shati.

Saa tisa akaja mteja, mwalimu mmoja aliyetaka kitambaa cha mapazia. Akapiga hodi, akakohoa, akagonga meza karibu na sikio la mwenye duka. Wazee watatu walikuwa wamelala fofofo, mmoja akikoroma kwa sauti ya kabati linalosukumwa. Mwalimu akachagua kitambaa chake, akakikunja kona ili akitambue, akaondoka taratibu akifunga mlango nyuma yake. Aliporudi saa kumi na moja, akakuta hali ni ile ile, ila mzee mwenye shati la pasi alikuwa ameshateleza mpaka chini, kwenye zulia, viatu vimevuliwa na mtu, na robota la kitambaa limewekwa chini ya kichwa chake.